Nguruwe Hawana Msimu

Wacha niseme mapema, kabla hujasikia kwa watu wa kanisani: viazi vitamu vya jirani yangu vililiwa na nguruwe kwa sababu yangu. Sikuwafungulia geti. Nilifanya baya zaidi, nilisoma sheria.

Jirani ni mama wa Burundi, tunagawana ukuta kwenye apartment upande wa Alief, huku ughaibuni. Analima kipande cha ardhi alichoazimwa na kanisa lao, ukishapita Sugar Land, karibu na mto. Mbegu alizitoa mbali, na viazi vile alikuwa akimlimia mama yake, anayeishi mji mwingine, Fort Worth, kwa mwanawe wa kiume. Bibi huyo amezeeka na amegoma kula. Ukimpa wali anageuza uso, ukimpa supu anageuza uso. Anaulizia viazi tu, vile vyeupe vya kwao.

Watoto wa jirani ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza huku wakitafuta viatu, kwa hivyo kila karatasi ya Kiingereza huletwa kwangu. Nina form four na nina muda. Mke wangu ni nesi, yeye hu-drive kwenda kazini. Mimi hu-drive rimoti.

Asubuhi moja jirani akagonga. "Baba, nguruwe wa porini wamefukua matuta mawili. Niwafanye nini?"

"Usiwaguse," nikamwambia. "Hata usiwafukuze. Ngoja kwanza nisome."

Nikafungua kanuni za uwindaji za jimbo, na kwa bahati yangu nikaanzia kwa dubu. Dubu hapa haguswi. Hakuna msimu wa kumwinda, na ukimwona unatoa taarifa. Nikaenda kwa bata mzinga. Huyo ana msimu wake, inatakiwa leseni, na ukishampiga unamfunga lebo mguuni kama sanduku la airport. Kwa nguruwe sikufika. Nilijiambia, kama kitu kinachofanana na kuku mkubwa kina makaratasi hivi, nguruwe si atakuwa na wakili? Nikaandika email ya heshima kuomba ruhusa ya kuwafukuza, nikaituma, nadhani, kwa anwani ya mambo ya boti. Kisha nikamwambia jirani tungoje. Akangoja. Mimi pia nikangoja, kwenye kochi.

Ungekulia kwetu Taita ungenielewa. Shamba la bibi yetu, nyanya kama tulivyomwita, lilikuwa mteremkoni, chini yake kichaka, na nyuma ya kichaka mbuga. Mahindi yakianza kukomaa, sisi wajukuu tulihamia kwenye dungu, lile jukwaa la miti lenye paa la nyasi. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu, maganda yakiwa makaa matupu, na chai ya rangi iliyonuka moshi. Kazi yetu ilikuwa moja: kupiga debe. Jua likianza kuzama nguruwe walitokeza pua kichakani, nasi tukapiga. Jirani wa ng'ambo ya bonde akasikia, akapiga lake. Wa kilima cha pili akajibu. Debe likapokea debe hadi likaishia mahali ambapo hatukuwahi kufika. Nyanya alikuwa akisimama mlangoni, mwiko mkononi, akisema, "Hao wamesikia. Pigeni tena, wasidhani tumelala."

Askari wa wanyama alikuja siku moja kutuambia kwamba mnyama ni wa serikali, asiguswe. Nyanya akammiminia chai, akamuuliza, "Na shamba ni la nani?" Askari akanywa chai. Kuhusu debe hakusema kitu.

Halafu ukaja mwaka ambao nguruwe walizoea kelele, wakawa wanatafuna huku wanatutazama. Mjomba, kitinda mimba wa nyanya, akachimba shimo kwenye njia yao, akalifunika kwa majani. Nguruwe mmoja akaingia. Tulikula nyama jioni moja tu. Asubuhi yake mjomba alipandishwa gari la askari, nyanya akilikimbilia na sweta, maana asubuhi za kule ni baridi. Alirudi baada ya muda mrefu na sweta ileile. Alikaa nyuma ya jiko akipukuchua mahindi tuliyonunua.

"Msipige tena," nyanya akatuambia. "Msije mkamkasirisha mtu." Debe likawa la kuwekea makaa. Msimu ule tulikaa mlangoni tukiwasikia nguruwe wakila taratibu, kama watu wanaotafuna miwa. Uliofuata, nyanya hakupanda.

Jumamosi iliyopita jirani alinipeleka shambani kwake. Ardhi ilikuwa imepinduliwa kama na trekta. Vipande vya viazi vimelala juu ya udongo, vina alama za meno. Nilisimama mikono mfukoni. Ningependa kukwambia roho iliniuma. Nilitazama tu, kama mtu anayetazama TV iliyozimwa sauti.

Ndipo nikapiga simu kwa ofisi ya wanyamapori ya jimbo, palepale, kama mtu mwenye haraka. Dada aliyepokea akaniuliza ni mnyama gani.

"Nguruwe wa porini."

"Nguruwe?" Alisema kama nimeomba kibali cha kuua mbu. Nguruwe hawana msimu wala kikomo, akanieleza kwa upole. Kwenye ardhi ya mtu, mwenyewe akikubali, unawapiga tu bila leseni. Na kuwafukuza, bwana, hilo hata hakukuwa na haja ya kupiga simu.

Nikamtafsiria jirani yote, pamoja na dubu na bata mzinga, ili aone nilivyosoma. Nikamweleza habari za debe pia, za vilima vilivyokuwa vikijibizana. Dungu lilishaoza. Nyanya hayupo, na yule wa ng'ambo ya bonde pia hayupo. Nikasema hata ningepiga leo, hakuna kilima cha kunijibu.

Jirani alikuwa ameinama, anaokota vile vipande, anakata penye meno kwa kisu na kutupa kinachobaki ndani ya beseni kwa ajili ya mama yake. Hakuinua kichwa.

"Serikali haikukunyamazisha, baba. Ulinyamaza mwenyewe. Haya, shika beseni."