Maji ya Mwalimu Chini ya Mbao Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Sultan Hamud, fomeni alinipa randa butu akaniambia, "Inoe. Ukimaliza, inoe tena." Shule niliacha darasa la nne. Msinitafutie vyeti, tafuteni milango niliyotengeneza. Baadaye nikahamia Mwingi, chini ya kontrakta aliyejua neno moja tu: haraka. Huyo ndiye aliyenionyesha kutandika mbao juu ya njia ya zege, mtindo ambao wenye nyumba wa siku hizi wanaupenda bustanini.

Kazi yenyewe si uchawi. Unalaza mihimili, yaani mbao nene za chini zinazobeba zingine. Unaipaka oili chafu mchwa wasiionje, unaifunga kwenye zege kwa skrubu. Juu unapanga mbao za kukanyagwa, ukiacha mwanya wa unene wa msumari, kwa sababu mbao huvimba. Sisi tulikuwa tunalaza mihimili ikikata njia, mbao za juu zifuate njia. Inapendeza macho.

Hivyo ndivyo nilivyofanya huko Makueni, kwa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mkali. Jumamosi ilikuwa ntheo ya binti yake, siku ya kuposwa kwa desturi yetu Wakamba. Wakwe wangekuja na mbuzi, na mama alitaka wakanyage mbao. Jumatano nikamaliza. Alhamisi asubuhi akamwaga maji ya kufulia kwenye mwanzo wa juu wa njia, kama alivyofanya miaka yote, akashuka kuyangoja kwenye michungwa yake.

"Fundi, maji yangu yako wapi?"

"Yanakuja, Mwalimu."

"Yanatoka Kitui?"

Nikalala kifudifudi, nikachungulia kwenye mwanya. Maji yalikuwa yamesimama nyuma ya mhimili wa kwanza. Kwetu maji hayamwagwi ovyo. Ile njia ndiyo iliyokuwa mfereji wake, na mimi, Mkamba mzima, nilikuwa nimeiziba. Mvua ya Novemba ingerudi mpaka jikoni kwake.

Nikampigia kontrakta.

"Nani atachungulia huko chini?" akasema. "Acha hivyo. Kesho nakutaka Kitui. Usipofika, usifike tena."

Nikakata simu, nikashika bisibisi.

Nilifungua mbao zote. Mihimili nikaigeuza ifuate mteremko, maji yapite katikati. Mbao za juu nikaanza kuzikata kwa upana wa njia, sasa zilale zikiikata. Mbao ikishakatwa hairudi, kwa hivyo nilipima mara tatu. Wakwe walipofika Jumamosi, nilikuwa nimebakisha hatua sita za zege tupu.

"Mbao ziliisha?" mjomba wao akauliza.

"Aliyeisha ni fundi," Mwalimu akamjibu. "Piteni."

Jumatatu nilifunga skrubu ya mwisho. Akamwaga beseni, tukayafuata maji kwa macho mpaka michungwani. Asante hakusema. Alisema, "Njoo unywe chai."

Kontrakta hakuniita tena. Watu wanasema nimestaafu. Mimi nakaa, nasimama, nakaa. Kabla ya ile ya Mwalimu, nilifunika njia tatu bila kuchungulia hata mara moja. Ya Kitui nimeshaigeuza, mwenye nyumba akinicheka. Ya Sultan Hamud, nilikorudi kikazi baada ya Mwingi, iling'olewa zamani, mbao zikawa kuni. Ya Mwingi, wiki jana mlinzi alinizuia getini.

"Mzee, nani amekuita?"

Hakuna aliyeniita. Jumatatu ninarudi.