Sanamu Iliyovaa Koti Langu

Kuna aibu mtu anaoga ikatoka, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikipita sokoni Iringa kuna mjinga mmoja lazima anyanyue mguu auache hewani, na wenzake wote waangue kicheko. Basi chekeni sasa hivi mmalize, maana mimi sipendi kukatizwa.

Kwanza mnijue vizuri. Shule niliionja tu nikaiacha, lakini mashine ya kusaga ya pale Kalenga ni yangu, nyumba ya bati ni yangu, na nilianza kwa kuwafyatulia watu matofali huko Mbeya (hakuna aliyenishika mkono, muulizeni yeyote). Mtu aliyefika nilipofika hakosi wabaya wake, kwa hiyo mimi hulala jicho moja wazi.

Miaka ile ya hamsini akaja Festo, mtoto wa marehemu kaka yangu. Huyo alikuwa amesoma mpaka chuo kikuu akakimaliza, kisha akapelekwa Ulaya kusoma tena juu ya kusoma, kwenye chuo cha sinema. Nikamuuliza, "Sasa huko unasomea nini hasa?"

"Baba mdogo, nasomea kuvifanya vitu visivyo na uhai vitembee."

Jamani! Mtoto wa Kihehe, mbele ya chakula, anatamka neno kama hilo bila hata kushusha sauti! Akaeleza kwamba amekuja kutengeneza sinema yake ya kumalizia masomo, asipoipeleka hapati cheti, na meli haitamngoja. Nikampa chumba cha uani chenye dirisha kubwa, naye akaanza kunitazama. Nikiinuka kitini, anatoa saa na kupima. Nikienda mashineni, anapima. Siku moja akaniomba nitembee kutoka kisimani hadi mlangoni, nirudi, nitembee tena, nami nikatembea (na viatu vyangu vipya vya ngozi, nilivyonunua mjini ili watu wavione), lakini moyoni najiuliza, mtu hupimwa mwendo wa nini kama si kuhesabiwa siku zake?

Na wiki hiyohiyo mguu wa kulia ukaanza kuniuma.

"Huyu kijana ananimaliza," nikamwambia mke wangu, Mama Edina.

"Vua hivyo viatu," akasema.

Wanawake hawaoni mbali.

Asubuhi moja Festo alishuka mtoni kuoga, nami nikaingia chumbani kwake vilevile nilivyoamka, pekupeku, na fulana yangu yenye matundu na kaptula ya kulalia. Juu ya meza nikakuta uwanja mdogo kama wa nyumbani kwangu, nyumba ndogo ya bati, na mbele yake nimesimama mimi. Mimi! Wa udongo, na kipara changu na tumbo langu, nimevaa koti lililokatwa kwenye koti langu kuukuu, na mguu wa kulia umenyanyuliwa! Mbele ya meza palikuwa na mtambo wa miguu mitatu wenye jicho moja, una waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kitufe. Ningetoka wakati ule, leo ningekuwa na heshima zangu. Nikabonyeza.

Tik! Nikatembea kidogo kujijaribu, na kweli tupu, mguu haukuuma.

Nikasema dawa nimeipata. Basi kila asubuhi akienda mtoni mimi naingia pekupeku na waya wangu mkononi, nairushia sanamu maji ya baraka, tik, naitishia ngumi, tik, na siku nyingine nilipiga magoti nikaiambia, "Mzee mwenzangu, mimi sina ubaya na mtu," tik tik tik. Festo akawa analalamika kwamba hesabu ya picha zake haikai sawa. Nikafurahi, nikajua uchawi wake umechacha.

Mkanda ulipokwisha kusafishwa mjini kwa Bwana Jivan, Mhindi wa studio ya picha, Festo akataka atuonyeshe nyumbani kabla ya safari. Nikasema hapana, waje wote! Nikamwita jumbe, katekista, majirani, hata wateja wa mashine, kwa sababu nilitaka mashahidi. Bwana Jivan akaja na mtambo wa kuonyeshea, akafunga dainamo kwenye injini yangu ya kusagia tupate umeme, na kila akinitazama anauma midomo. Huyu naye yumo, nikasema.

Ghala langu la mashine likajaa. Kabla taa hazijazimwa nikasimama, na suti yangu na viatu vyangu, nikafungua leso niliyoifungia ile sanamu. "Jumbe, tazama! Huyu mtoto ameniumba upya ili aniue!"

"Baba mdogo, usimshike hivyo, atavunjika!" Festo akapiga kelele.

Nikaiinua juu watu waione. Kichwa kikadondoka. Nami nikajishika shingo nikalia kama mbuzi.

"Bwana Mashine," jumbe akasema, "shingo yako ipo. Kaa tuone picha."

Ukutani nikatokea mimi mdogo, natoka nyumbani nachechemea, watu wakashangilia, "Ndiye! Mwendo wake huo!" Nikaanza hata kupendezwa. Mara pa! likapita jitu jeupe la fulana, likatoweka.

"Rudisha hapo," jumbe akasema.

Bwana Jivan akarudisha, akazungusha kwa mkono, polepole. Kumbe kila tik ilikuwa picha! Na mimi nikaonekana ukuta mzima na matundu yangu, nainyunyizia maji sanamu, naikunjia ngumi, naipigia magoti.

"Mama Edina!" mwanamke mmoja akaita. "Huyo mdogo ndiye anayevaa vizuri!"

Aliyekuwa hacheki ni Festo peke yake. "Baba mdogo, nikizikata, mwendo unaruka. Kurudia siwezi, umemvunja. Nitawapelekea nini walimu?"

Nikamuuliza, "Huko Ulaya watanionaje? Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa. Ukuta mzima."

"Basi niache humo humo. Waambie huyo ndiye mwenye mashine."

Cheti alipata, na alisema walimu walimpenda zaidi yule mkubwa. Mimi kitufe nisichokijua sikigusi tena maishani, hata cha kengele. Na viatu nilimpa jumbe, kwa heshima tu. Wiki haikupita akaniita pembeni, anachechemea, akaninong'oneza: "Hivi Festo, siku ile ghalani, hakunitazama sana?"