Kaburi la Zizini

Watu wa mradi walipofika Isenga mara ya kwanza walikuja na picha kubwa ya rangi, wakaitundika ukutani kwa mwenyekiti wa kijiji, Nathaniel. Pichani kulikuwa na dohani mbili ndefu kupita mnara wa simu, ingawa moshi wenyewe hawakuuchora. Nusu ya mtambo ingechoma makaa ya mawe yatakayoletwa kwa treni, nusu nyingine gesi itakayokuja kwa bomba, na maji ya kupozea yangevutwa ziwani. Mhandisi alionyesha kwa kijiti: hapa mitambo, hapa matangi, hapa nyumba za wafanyakazi. Ile sehemu nyeusi upande wa magharibi, alisema, ndiyo uwanja wa kumwagia makaa.

Mzee Shigela Malimi alisogea akaitazama sehemu nyeusi. Aliishia darasa la nne, lakini ziwa alilijua liko wapi na barabara ya Kigongo inapita wapi. Pale peusi palikuwa kwake.

Alikuwa na miaka sabini na moja. Alizaliwa hapo, akachunga hapo, akahamishwa mwaka wa sabini na nne watu walipopangwa mistari kando ya barabara. Baada ya miaka minne alirudi na baba yake, wakakuta minyaa ya ua imekuwa msitu na nyumba imebaki ukuta mmoja. Wakajenga upya. Baadaye alikwenda mjini, akalinda ghala la mafuta ya pamba kule Buzuruga, na tangu aliporudi mwaka wa themanini na moja hakutoka tena. Yeye na mkewe Odeta walizaa watoto saba, ambao sasa wako Geita, Kahama na Dar es Salaam, na humsalimia kwa simu. Ng'ombe waliwahi kufika sitini. Siku hizi walikuwa tisa, kwa sababu ngitili, yale malisho yaliyokuwa yakifungwa masika yote ili mifugo ile wakati wa kiangazi, yalikatwa viwanja vikauzwa kwa watu ambao hawajui hata kukamua.

Mthamini wa mradi aliitwa Clavery, kijana Mhaya wa Muleba, mpole, mwenye kofia ya plastiki aliyoivaa hata kwenye kivuli. Alihesabu nyumba, akahesabu miembe mitatu na michungwa miwili, akageuza karatasi.

"Makaburi, mzee?"

"Moja. La baba yangu."

"Liko wapi?"

Shigela alinyoosha fimbo kuelekea zizini. Clavery alitazama, akaitazama karatasi, akatazama tena.

"Naona ng'ombe, mzee."

"Wamesimama juu yake."

Kijana alivua kofia. "Mzee wangu, usinichoke. Wiki hii peke yake nimeonyeshwa makaburi kumi na moja ya kutafutia fidia, saruji yake bado mbichi. Moja lina msalaba umeandikwa Gladness Shimba, apumzike kwa amani. Nikiwa naliandika, Gladness mwenyewe akapita na ndoo ya dagaa kichwani, akaniambia shikamoo."

Odeta, aliyekuwa akipepeta mtama, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Shigela hakucheka. Alikumbuka wakati ambapo mtu wa Isenga angeona heri afe njaa kuliko kujichimbia kaburi kabla ya siku yake.

"Sisi, mwenye mji, yaani mkuu wa boma, tulimzika zizini," alisema. "Alifungwa ngozi ya fahali mweusi, akalazwa, akafukiwa, na jioni ng'ombe wakarudi wakalala juu yake. Wanakanyaga mpaka hapaonekani kitu. Ndiyo heshima yenyewe."

"Kwetu tunazika migombani, nakuelewa. Lakini hata migombani tunaweka jiwe."

"Jiwe zizini litamvunja ng'ombe mguu."

Clavery aliwaza kidogo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Shigela, maana mbaya ungeweza kumfukuza. "Tufanye hivi," akasema. "Ijumaa nitakuja na bwana afya. Utanionyesha mahali penyewe na tutachimba shimo moja. Tukimpata, tunamhamishia makaburi mapya kule kilimani kwa heshima zote. Tukimkosa, nitaandika zizi. Jumatatu trekta zinaanza kusafisha."

"Shimo moja tu?"

"Moja, mzee. Nikichimba zizi zima kwako, kesho nitachimba Isenga yote."

Alipoondoka, Odeta aliokota ungo wake. "Shida iko wapi? Si pale unapomwagia pombe kila mwaka?"

"Palepale," akajibu Shigela.

Hapo alidanganya, na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka ule wa themanini na moja aliletewa habari Buzuruga kwa mdomo wa kondakta kwamba baba yake mgonjwa, arudi nyumbani. Mara mbili kabla ya hapo aliitwa kwa maneno hayohayo, akaenda mbio, akamkuta mzee ameketi anakunywa uji na binti wa watu amepangwa aje aonwe. Mara ya tatu alicheka akaendelea na lindo lake, mpaka kondakta yuleyule alipoleta habari ya msiba. Alipofika Isenga, baba yake Malimi alikuwa na siku mbili chini ya ardhi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha lala juu yake mara mbili, zizi lilikuwa samadi tupu toka ua hadi ua, na yeye ndiye mtoto wa kwanza, amesimama langoni na viatu vya mjini, watu wote wakimwangalia aende kwa baba yake.

Hakuuliza. Mrithi aliyechelewa kuzika, kisha aulize kaburi liko wapi! Alitembea moja kwa moja hadi katikati ya zizi, akainama akalia. Hakuna aliyemsahihisha. Tangu siku hiyo, kila mwaka baada ya mavuno, alimwaga pombe ya mtama mahali palepale, akaita majina ya ukoo, na moyoni hakuwa na hakika kama anasema na baba yake au na mkojo wa ndama.

Waliozika walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja, shangazi yake Kashindye, dada mdogo wa Malimi, aliyekuwa anakaa Bujora kwa mjukuu wake. Siku iliyofuata Shigela alikwenda. Alipita mbele ya makumbusho, ambako wanafunzi huletwa kwa mabasi kutazama nyumba za nyasi ambazo babu zao walilala ndani yake bila kutazamwa na mtu.

Bibi Kashindye alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage kwa vidole, maana jicho moja lilikuwa limekwisha kazi.

"Mwangaluka, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani? Shigela? Sauti yako imezeeka kuliko mimi. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuuliza neno." Akamweleza habari ya makaa, ya Ijumaa na ya shimo moja. Akasitasita. "Nilitaka unikumbushe tu, baba alilazwa upande gani hasa."

Kikongwe aliacha maharage. "Nikukumbushe? Mtu hukumbushwa alichowahi kujua."

Shigela aliinamisha kichwa.

"Nilikuona siku ile," alisema Kashindye. "Unapita na viatu vyako, koko, koko, koko, ukaenda kulia mahali alipokuwa anakojolea yule dume mwenye nundu kubwa. Nikasema, mwacheni, ametoka safari, ataniuliza kesho. Kesho yako imekuwa ndefu, baba."

"Niliona aibu."

"Sasa huoni?"

"Sasa naona zaidi. Niambie, shangazi. Nikirudi nitawaonyesha mwenyewe."

"Sikuambii." Alirudia maharage yake. "Nikikuambia utakosea, halafu utasema Kashindye amechanganyikiwa. Nitakuja Ijumaa. Mtafute mtu wa gari, bodaboda zinaniumiza nyonga. Na ukitaka kujua, utaniuliza mbele ya wale uliowadanganya."

Aliomba, akabembeleza, akatania hata utani ambao hautaniwi na shangazi. Bibi aliimba wimbo wa kanisa mpaka Shigela akakata tamaa.

Ijumaa watu walijaa kama minadani. Wengine walifika kwa huruma, wengine kutaka kuona kama Shigela naye anajitengenezea mfu kama wao. Mwenyekiti Nathaniel alikuwepo na muhuri wake mfukoni. Bwana afya alivaa glovu. Vibarua wawili waliegemea makoleo. Bibi Kashindye alikuwa ameshushwa garini na kukalishwa kwenye jabali lililo kusini mwa mji, akajifunika kanga, akanyamaza kama mtu aliyekuja kuota jua.

"Haya, mzee," alisema Clavery. "Tuonyeshe."

Ng'ombe walikuwa wametolewa. Shigela aliingia zizini peke yake. Alisimama mahali alipoinama miaka arobaini na zaidi, na unyayo wake ukapatambua. Lilikuwa jambo rahisi sana. Akichoma fimbo pale wangechimba, wangekosa, watu wangesema ardhi ya zizi hula mifupa, na neno lingekwisha. Jumatatu trekta ingepita, kisha makaa yangekuja, tani kwa tani, juu ya Malimi popote alipo.

Aligeuka kuelekea jabalini.

"Shangazi," aliita, kisha akaita tena kwa nguvu. "Shangazi! Baba yangu yuko wapi? Mimi sikuwepo. Sijui alipolala. Sikujua hata siku moja."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatishwa na wenzake. Odeta aliweka mkono mdomoni. Nathaniel, ambaye kwa miaka mingi alikuja kunywa pombe ya tambiko iliyobaki, alitazama viatu vyake.

"Toka humo," alijibu Kashindye kutoka jabalini, wala hakusimama. "Unamtafuta baba yako kwenye zizi lako. Yeye kalala kwenye zizi lake. Mwaka ule wa mvua za kuvunja madaraja ulisogeza ua ukapandisha juu, sehemu ya chini ya zizi ikabaki nje, umesahau? Wanawake tulisimama hapa hapa siku ya kuzika, hatukuruhusiwa kuingia. Lango lilikuwa mkono wangu wa kushoto, sawa na ule mti wa miiba wa bondeni. Teremka. Teremka tena. Kulia. Wewe kulia kwako ni wapi? Haya. Simama."

Shigela alikuwa amesimama katikati ya maboga ya Odeta.

"Hapo," alisema Kashindye. "Kichwa huku kwangu."

"Yesu na Maria," alisema Odeta. "Ndiyo maana yanastawi."

Sasa walicheka wote, hata bwana afya, na Shigela mwenyewe alijikuta anatabasamu huku machozi yanamtoka. Vibarua walisogeza majani ya maboga pembeni. Udongo ulikuwa mweusi na laini, na koleo liliingia bila kelele. Shimo lilipofika kiunoni, kibarua mmoja aliinua mkono. Bwana afya alishuka. Kulikuwa na vipande vya ngozi, vikavu kama gome, vingine bado na manyoya meusi, na chini yake mifupa imekunjwa vizuri, imelala ubavu wa kulia.

Clavery alivua kofia yake na hakuivaa tena mpaka jioni.

Mifupa ilitolewa mmoja mmoja ikapangwa katika sanduku la mbao lenye namba. Kashindye aliletwa akishikwa mikono. Alipapasa fuvu kwa vidole vilevile vya kuchambulia maharage, akamsemesha kaka yake kwa Kisukuma, maneno machache ya kawaida, kama anayemwambia mtu aamke gari limefika.

Baadaye Clavery aliweka karatasi juu ya sanduku. Paliandikwa jina la marehemu, mahali alipozikwa, namba ya kaburi jipya kule kilimani, ambako kila mfu amepewa saruji ya kipimo kimoja awe mwenye mji au mpita njia.

"Hapa panataka jina la ndugu aliyeonyesha kaburi. Nikuandike wewe, mzee? Wewe ndiye mwenye mji."

"Mwandike Kashindye binti Shigela, yule babu niliyerithi jina lake. Atabonyeza kidole."

"Na wewe nikuandike nani?"

"Mtoto wa marehemu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Bibi alibonyeza kidole, akakipangusia kanga. Shigela alitia saini chini yake, polepole, herufi kwa herufi, Nathaniel akagonga muhuri. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka ziwani, na Odeta alikuwa ameshaanza kuchuma maboga, makubwa kwa madogo, akiyapanga kando ya shimo, kwa sababu zilibaki siku mbili tu.