Matobo ya Gari la Mama

Mama yangu alikuwa muuguzi wa zahanati huko Ganda, na kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa kigari chake cheupe. Sisi twakaa Malindi mjini, karibu na bahari, na chumvi haina huruma na bati. Alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza, gari likabaki uani mwaka mzima. Kutu ikala milango, ikala juu ya magurudumu, ikatoboa hata sakafu. Ukikaa kiti cha nyuma wauona mchanga.

Asubuhi moja baba alirudi kutoka dukani na mkebe wa fila, ule uji mzito wa kuzibia bodi za magari.

"Nataka kuyaziba matobo," aliniambia. "Mamako atakwenda mazoezi yake ya viungo Kilifi kwa gari lake mwenyewe, si kwa teksi za watu."

Baba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Hakuwahi kushika hata spana. Nikamwita fundi wa bodi kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa mjini, aje amshauri. Fundi alibonyeza mlango kwa kidole, kidole kikapenya. Akanivuta kando.

"Dada, fila yataka bati zima la kushikia. Hapa bati hakuna. Gari hili limekwisha."

Nilimwambia baba. Akasema, "Ahsante," akaendelea kusugua kutu kwa msasa.

Kila siku alianza baada ya swala ya alfajiri. Alikata vipande vya wavu wa banda la kuku, akaviweka nyuma ya matobo, kisha akachanganya fila na dawa yake ya kuigandisha. Mwanzoni alitia dawa nyingi mno, ikaganda kabla hajaufikia mlango. Baadaye mkono ulizoea. Alipaka, akangoja ikauke, akapiga msasa hata nyusi zikajaa vumbi. Mama tulimtoa nje akakaa kwenye kiti chake, akimtazama.

Kumlisha na kumwogesha mama ilikuwa kazi yangu, na uchovu ulinifanya mkali. Siku moja, nikimkanda mkono, nilimwambia, "Mama, mwambie baba aache. Lile gari haliondoki pale, nawe wajua."

Siku hizo maneno yalimtoka moja moja.

"Najua," alisema. "Mwache. Akikosa kazi... atakaa... anitazame mimi."

Nilikwenda kunawa uso. Kisha nikachukua kipande cha msasa, nikaenda kumsaidia baba. Tulifanya kazi pamoja majuma matatu.

Mama alifariki siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Baba alikuwa uani akipaka mlango wa dereva. Nilipomwita alikuja mbio, akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama mkono, asimwachie. Fila iliyokuwa vidoleni mwake ikagandia kwenye vidole vya mama. Tulipomwosha, mimi na mama zangu wadogo, ilibidi niibandue kwa ukucha, kidogo kidogo, nikiogopa kumuumiza.

Tulimzika baada ya alasiri. Baba hakuligusa gari tena. Ilipopita arubaini akaniambia nimtafute mtu wa kulichukua, naye siku hiyo akaondoka mapema kwenda msikitini.

Alikuja fundi yule yule. Kabla ya kulifunga kamba alipitisha kiganja juu ya mlango, akarudia.

"Nani amefanya kazi hii? Imenyooka kabisa."

Nikamwambia ni baba.

Baba aliporudi nilimweleza fundi alivyoisifu kazi yake. Aliangalia mikono yake.

"Mamako aliiona?" akauliza.

"Aliiona, baba. Kila siku."

Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu maziko, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikaa karibu naye, nikamshika bega, nami nikalia.