Jasho la Aina Mbili

Miaka ile sukari ilipokuwa ikigawiwa kwa kaya, mimi nilikuwa mgonjwa wa kisukari. Majirani wa Nyakato waliponiona kwenye foleni walicheka hadi machozi. "Mwalimu, na wewe umefuata nini huku?" Niliwajibu kwa ukali, maana sina subira na maswali ya namna hiyo. Anayejichoma insulini lazima awe na sukari karibu. Dawa ikikizidi chakula, sukari ya mwilini inashuka na mtu anaweza kuzimia. Na chakula chenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Kila asubuhi nilichemsha sindano ya kioo, nikaitoa chupa ya dawa kwenye mtungi wa maji ilikohifadhiwa ipate ubaridi, nikajichoma, kisha nikaanza kumwomba Mungu unga upatikane.

Dalili ya kushuka ni jasho. Hilo nililijua. Lakini mwaka mmoja hedhi ilianza kuruka miezi, na jasho la pili likaingia bila hodi: nipo ubaoni, ghafla mgongo umelowa, chaki inateleza. Ni sukari au ni umri? Kipimo sikuwa nacho, na mama yangu wa kumuuliza alikuwa ameshafariki. Basi kila nilipotoka jasho nililamba kijiko cha sukari. Daktari alipopima mkojo wangu alifoka kwamba sukari imezidi. Niliogopa, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuona ukungu. Nilirudi nyumbani nikampa mama mkwe ufunguo wa kabati la sukari.

"Mama, hata nikilia, usinipe."

Mama mkwe alikuwa ametoka Suguti kuja kukaa nasi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na heshima iliyokuwa kati yetu haikuruhusu kabisa habari za mwili. Aliufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, na tangu siku hiyo hakuuweka chini.

Jumamosi moja nilijichoma, nikakaa uani kuchambua dagaa huku nikisubiri uji. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukagoma. Jasho likaanza. Nikajiambia ni lile la umri, litapita. Halikupita. Vidole vikatetemeka, dagaa mmoja nikamwona wawili.

"Mama, naomba sukari."

"Sikupi. Ulisema mwenyewe."

"Nakufa, mama."

"Ulisema hata ukilia."

Nilimchukia dakika ile, sitaficha. Nilitaka kumweleza habari za insulini lakini ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka nusunusu kama ya mlevi. Akainama, nadhani anikemee vizuri, akanishika shingo. Mkono wake ukabaki hapohapo.

"Mbona wewe ni wa baridi?" akasema. "Jasho hili si letu. Letu linakujaga na moto."

Fundo la khanga lilimshinda kwa vidole, akalifungua kwa meno. Akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akaninywesha yote.

Nilipopata fahamu vizuri nilimkuta ameketi nami bega kwa bega. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mke wa mwanawe, na muda wote huo nilijiona mgeni wake. Sasa alikuwa amesema "letu". Nililia, kwa aibu na kwa shukrani, naye akaniacha nilie.

"Likianzia kifuani likapanda usoni na moto, wewe tulia tu," akaniambia huku akiyatazama mafiga. "Likija la baridi na mikono inacheza, niite mbio."

Nikajipa moyo, nikamuuliza swali ambalo kabla ya siku hiyo nisingethubutu kulitamka mbele yake.

"Mama, na hilo la moto linaishaga lini?"

Alitazama mlangoni kwanza, kuhakikisha mwanawe hayupo.

"Mimi bado linanijiaga," akasema.