Muuza Vifungo na Hamu ya Kwetu

Mwanangu, naikumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, Ami Abeid aliponitoa mtaani kwetu Sparkbrook akanipeleka kwenye jumba la kale katikati ya jiji hili la Birmingham. Ami, ndugu yake baba, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amenikasirikia. Majirani walitaka niwe mwenyekiti wao, niiombe halmashauri ukumbi, maana watoto walisoma Kurani chumbani kwa Ami, wamebanana kama dagaa. Nilikataa. Mimi mpita njia, niliwaambia, mwakani narudi Unguja kwa mama. Hata sanduku langu sikuwa nimelipangua.

Ami alinisimamisha mbele ya picha ya Mzungu mmoja aliyevaa nywele za bandia.

"Wamjua huyu?"

"Simjui, Ami. Ila kashiba."

"Kashiba kwa vifungo vya makoti! Karne ya kumi na nane alikuja hapa mgeni, akauza, akatajirika. Angeweza kurudi kwao. Akabaki, akawa kiongozi wa mji, akahimiza taa ziwekwe njiani watu wasitumbukie mitaroni."

"Na mali yake yote ilikuwa halali?" nilimchokoza.

"Bunduki zilizoundwa mji huu ndizo zilizonunulia watumwa Afrika. Yeye alihusika? Sijui, hesabu yake iko kwa Mola. Mimi nakuuliza wewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miaka yote hii bado mgeni tu?"

Wiki ile nikaupokea uenyekiti. Ukumbi tukaupata, alhamdulillahi, na watoto wakasoma kwa nafasi. Lakini kila mwaka kulikuwa na mkutano, na kila mwaka nikasema nitakwenda kwa mama mwakani. Mama akafariki sijamwona.

Mpaka leo, nikipita Ladypool Road nikasikia harufu ya iliki inayochemka, nasimama. Naiona baraza ya mama, naye amekaa upande, ameniachia nafasi.

Basi mwanangu, wewe uliyezaliwa hapa, unayenijibu kwa Kiingereza nami nikakuelewa: wahudumie watu wa mahali unapolala, wala usingoje kwanza moyo uache kutamani kwingine. Hamu si dhambi. Ila kazi ya umma haimalizwi na mtu mmoja, na mama ni mmoja. Ukiwa na nafasi ya kwenda kumwona, nenda.

Mwenyezi Mungu akujaalie majirani wa kukuombea, na wazazi utakaowawahi. Amina.