Landrova Iliyosaga Meno

Enzi zetu ufunguo wa gari ulikuwa pambo. Papa, baba yetu, aliuning'iniza kwenye mshipi ili watu wajue kwamba lile gari lina mwenyewe, basi, kazi yake iliishia hapo. Kuliwasha gari ilikuwa kazi ya watoto. Ninyi mliokulia milima ya Masisi wakati ule mmeshanielewa, na hao wengine nitawaeleza, ingawa siku hizi hata kueleza kunanichosha.

Lilikuwa Landrova la kijani, kuukuu tangu kabla sijazaliwa. Papa alibebea humo maharagwe kutoka kwetu Lushebere hadi Kashebere, kule unapoanza msitu wa Walikale, alikoolewa dada yake mkubwa, Shangazi Feza. Alirudi na mawese, ndizi na nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi. Harufu ya yale mawese iliingia kwenye viti na haijatoka mpaka leo, nasi tukienda misa siku ya Jumapili tulinukia vilevile.

Shida ilikuwa demarere, ile mota ndogo ya kuwashia injini. Ukizungusha ufunguo, chini ya boneti chuma kilisaga chuma, krrrrr, mpaka mbwa wa jirani wanaamka. Katekista wetu alisema Landrova la Papa ndilo linalotimiza Maandiko, kilio na kusaga meno. Papa hakucheka. Alifungua demarere, akaisugua, akairudisha. Akatafuta nyingine kwenye gari bovu huko Goma, kisha nyingine tena, na zote zilisaga mtindo mmoja. Manivela ya kuzungushia injini kwa mkono ilikuwapo pia, lakini siku moja ilirudi kwa nguvu ikamvunja Papa kidole gumba, na Mama akaichukua akaifanya ya kuchochea moto jikoni.

"Hii demarere iko na roho mubaya," Papa alisema. Kisha akapiga mluzi.

Mluzi ule tuliujua kuliko kengele ya shule. Sisi watoto wa nyumba tulikuwa tumejaa, na wa majirani walikuwa wengi kutupita. Tulitoka na ukungu bado uko chini, umande unatulowesha hadi magotini, mmoja ana kiazi mdomoni, mwingine ana kiatu kimoja. Wakubwa walishika pembeni, wadogo tuliwekwa katikati ambako moshi ulitupiga usoni. Kaka yetu mkubwa Bahati ndiye aliyehesabu. "Moya, mbili, tatu, sukumaaa!" Papa alitia vitesi, yaani gia, ya pili, akakanyaga ambreyaje, ile klachi, akaiachia ghafla gari liliposhika mwendo. Likikohoa mara ya kwanza tulipiga kelele, na likiwaka tulikimbia nyuma yake turukie, kwa maana Papa hakusimama. Angesimama lingezimika, na kilichozimika kilitaka tuanze upya.

Kwa hiyo tulisafiri naye. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wajukuu wangu hawaiamini. Gari lilibeba wasukumaji wake juu ya magunia, kama vile mtu anavyobeba kiberiti. Shuleni tulikosa siku nzima, na mwalimu akiuliza mlikuwa wapi, tulijibu, "Tulikuwa tunasukuma," naye akanyamaza, kwa sababu wiki iliyopita yeye mwenyewe alipewa lifti akasukuma akiwa na tai shingoni. Hata padri nilimwona amepandisha kanzu yake hadi magotini, viatu vimebaki kwenye matope. Mama alikuwa akitufungia mahindi ya kuchemsha kwenye kitambaa, anatuambia, "Kidole moja haivunje chawa," kisha anaturudisha kumbeba mtoto wa jirani tuliyemsahau analia barabarani.

Likitukwamia mbali na nyumbani hatukuogopa. Papa alitoa kichwa dirishani akaita, na watu walitoka mashambani na majembe yao. Hawakuuliza wewe kabila gani, unatoka wapi, unapeleka nini. Walisukuma, wakapungia mkono, wakarudi kulima. Mimi nilidhani dunia yote iko hivyo. Nilikuwa mtoto.

Sitasimulia vita. Mmevisikia, wengi wenu mmevikimbia, na mimi nimechoka navyo. Nitasema tu kwamba tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena, na kila tuliporudi Landrova tulilikuta. Mabati ya nyumba yalikwenda, mbuzi walikwenda, mlango ulikwenda, lakini Landrova lilibaki. Majirani walitueleza kwamba wenye bunduki walikuja kulichukua si mara moja. Walizungusha ufunguo waliojitengenezea wenyewe, likawasagia meno, wakalitukana wakaenda zao. Mwanaume mwenye bunduki anaona haya kusukuma gari.

Waliokuwa wakisukuma ndio hawakubaki. Bahati tulimzika Kirotshe, kando ya ziwa. Wengine wako Goma na Kampala, na mmoja hatujui aliko. Mama naye ametutangulia. Nimebaki mimi Riziki, kitinda mimba, mjane mwenye mvi, niliyerudi Lushebere kumtunza Papa ambaye nyonga yake ilivunjika na haikuungana vizuri.

Mwezi uliopita Shangazi Feza alitupigia kwa simu ya jirani yake. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayelala zaidi ya anavyokaa.

"Riziki, ambia ndugu yangu akuye. Nataka nimuone na macho yangu. Mimi siko tena wa kesho."

Papa alisikia, akaniomba fimbo yake, akatoka hadi kwenye Landrova akaweka mkono juu ya boneti. Nilimwambia tutafute pikipiki, zinakwenda Kashebere kila siku. Akanitazama. Kwa nyonga ile, pikipiki ingemfikisha vipande. "Nitaenda na gari yangu," alisema.

Siku ile wajukuu wangu walikuwa wamekuja kutoka Goma, nikawaita wasukume. Jamani, vijana wa leo! Mmoja alisukuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika telefone anajipiga foto. Mwingine alisukuma hatua chache akakaa chini, akanililia mimi bibi yake. "Koko, mugongo inaniuma." Ana miaka kumi na sita, mgongo! Kizazi hiki kimebaki na kidole tu, kinasukuma kioo cha telefone kuanzia asubuhi. Nilicheka, lakini moyoni nilihesabu tuliobaki nikaona hatutoshi.

Na hata tungetosha kuliwasha nyumbani, kuna bariyeri. Enzi zetu Papa hakuzima injini kutoka Lushebere hadi Kashebere. Leo ukifika kwenye kamba iliyokatiza barabara, hata salamu haijatoka, unaambiwa, "Zima motere." Ukizima na gari lisiwake, umebaki hapo na hao walioshika kamba, na hakuna atakayeacha jembe kuja kukusaidia. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nikisikia gari limekwama siku hizi, nafunga dirisha. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja: demarere ipone, au Papa na dada yake wasionane tena.

Tulimleta mekanisie wa Masisi, anaitwa Safari, mtu mzima mwenye tumbo na maneno mengi. Alilala chini ya gari akafungua demarere, akamulika ndani ya tundu lake, akamwambia mwenzake azungushe injini pole pole. Akaniita. "Mama, kuya uangalie." Niliinama, mgongo ukalia. Mle ndani kuna gurudumu zito la injini limevikwa pete ya meno, wao wanaiita kurone, na demarere huuma hayo meno ili kuizungusha injini. Meno yalipita mbele yangu mazima, mazima, kisha yakaja mabovu yaliyolika kama ya bibi kizee, kisha mazima tena.

"Demarere haina kosa," Safari alisema. "Motere ikizimika, inalalaka fasi ile ile. Basi demarere inauma meno ile ile kila siku, mupaka inakwisha. Mungeweka demarere mupya kila mwaka, ingesaga tu."

Papa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na gurudumu la mbele la gari. Miaka yote ile aliitukana demarere, akaibadilisha, akaiombea hata maji ya baraka, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kitu kingine kabisa.

"Na hiyo kurone, inatengenezeka?" aliuliza.

"Inatengenezeka, Papa. Hata zamani ingetengenezeka. Unaigeuza kidogo tu, meno mazuri ikuye fasi ya ile mubaya."

"Basi tulisukuma bure," Papa alisema.

Niliumia. Nilitaka kumwambia si bure, nimtajie Bahati na mluzi na mahindi ya Mama, lakini nikaenda jikoni kupepea makaa ambayo hayakuhitaji kupepewa.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Ilibidi gerboksi itoke, na Safari alileta wanaume wa kuiinua. Walipofikia ile pete waliipasha moto wakaigonga taratibu kuizunguka mpaka ikaachia. Kisha wakaiweka kwenye makaa yangu mekundu, na Safari akakaa anaitazama kama mpishi anayechunga maziwa. Chuma kikipata moto kinapanuka, alinieleza, nacho kikipoa kinabana chenyewe. Ilipoanza kuwa na rangi ya majani makavu, waliinyakua kwa koleo, wakaipachika juu ya gurudumu imegeuzwa robo mzunguko, mbio mbio, kabla haijapoa. Iliingia na sauti ndogo tu. Papa hakuiangalia.

Kesho yake walipomaliza kufunga, Safari alinipa ufunguo. Niliuzungusha, na gari likawaka. Hivyo tu. Papa alishtuka, akageuza shingo kutazama njia ya nyuma ya nyumba, tulikotokea sisi akipiga mluzi. Hakutoka mtu.

Tulisafiri wawili, mimi nikiendesha, yeye pembeni na mto chini ya nyonga. Barabara ile msiniulize, matope yake mnayajua. Kwenye bariyeri ya kwanza kijana aliyeshika kamba alisema, "Zima." Nilizima. Alituuliza tunakwenda wapi. Papa akamjibu, "Naenda kuona dada yangu." Kijana akatazama nyuma ya gari, akaona patupu, akashusha kamba. Nikazungusha ufunguo, likawaka, na nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka Papa akaniambia ninyamaze niendeshe.

Njiani mara moja alinyoosha kidevu kuonyesha kilima. "Hapa Bahati alianguka, gari ikamupita, akatukamata kule chini na miguu." Nikasema nakumbuka. Baadaye akaonyesha sehemu nyingine, kisha akageuza uso kutazama mbele.

Kashebere tulifika jua likiwa limeanza kupoa. Shangazi Feza alikuwa amekalishwa mlangoni, amefungwa kitambaa kichwani, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Papa alishuka kwa fimbo yake, akamwendea, wakashikana mikono na hawakuachana. Hawakulia. Walikuwa wanatikisa vichwa tu, kila mmoja anamtazama mwenzake alivyozeeka. Mimi ndiye niliyelia.

Kisha Shangazi akapitisha macho juu ya bega la Papa hadi nyuma ya Landrova, akangoja, kama mtu anayengoja wengine wateremke.

"Basukumaji iko wapi?"

"Dada, gari inawaka na funguo sasa," Papa alisema. "Tumekuya bawili."

Shangazi aligeuka kutazama uani, nami nikatazama naye. Alikuwa amewaamrisha watu wa nyumbani wapike tangu asubuhi. Kulikuwa na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ya kulisha harusi, ugali wa muhogo umefinyangwa mabonge makubwa na kufunikwa majani ya migomba, na sahani zimepangwa juu ya mkeka, nyingi, zile za bati tulizokuwa tukizigombania hadi ukoko unaisha.

"Sasa hii chakula yote," alisema, "nilipikia nani?"

Papa alivuta kiti akakaa karibu naye, akaomba maji ya kunawa. Tulikula tulivyoweza, na sufuria haikupungua hata nusu.